Anko, pikipiki ya marehemu mzee inanimaliza

Anko shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Tanga, Makorora, nna miaka 36, nna mke na watoto wawili. Naomba unisaidie ila usinicheke sana.

Marehemu mzee wangu alikuwa bwana mifugo kule Lushoto, na pikipiki yake ilikuwa Honda CG125 ya mwaka 1982, aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Hiyo pikipiki ndo ilikuwa inatupeleka hospitali, inabeba majani ya ng'ombe, inabeba mama na mimi na mdogo wangu kwa mpigo, sisi tulikuwa tunaujua mlio wake tangu iko kona ya chini kabisa tunaanza kukimbia kumpokea. Mwaka 2008 ikazima njiani, mzee akaisukuma mpaka kwenye banda la mbuzi akasema ntaitengeneza mwezi ujao. Mwezi ujao haukufika Anko, mzee mwenyewe katutoka 2021.

Sasa mwaka jana nikasema hapana, hii kitu naifufua. Nikapiga hesabu kichwani, kabureta, betri, tairi, oili, kidogo rangi, nikaona laki tatu na nusu inatosha na chenji inabaki. Wife nikamwambia laki tatu.

Kuileta tu Tanga kwenye Fuso 70,000. Nikaanza na rangi maana ilikuwa inatia aibu hata kuipeleka gereji, 200,000, fundi kapaka nyekundu kama ile ya zamani imependeza balaa. Vyuma vya kung'aa nikavituma Dar na basi vikapigwe krome, 150,000. Siti 60,000. Tairi mbili na tyubu zake 160,000. Baada ya hapo ndo tukaenda kwenye injini na hapo ndo moto ulipowaka. Fundi akasema kabureta imekufa nunua nyingine, 45,000. Betri 40,000, tukafunga, kuwasha taa glopu zote zikaungua, nikanunua nyingine zikaungua tena, hapo na waya 35,000. Kufungua ekzosi, studi moja ikakatikia ndani ya hedi, kwenda kuitoa 30,000. Akasema haina kompresheni, yaani injini haibani hewa, nikanunua pistoni na ringi zake 55,000, hazijafungwa mpaka leo. Fundi wa kwanza kala laki moja ya ufundi, wa pili elfu themanini, na hela za chai, soda, nauli, vitu vidogo vidogo hata sijui, weka kama 150,000.

Jumla 1,175,000 Anko na haijawaka hata siku moja. Izi gharama zilizojificha mbona hakuna mtu anatuambiaga mapema?

Sasa fundi wa pili ananiambia tuachane na injini hii, tutupie injini mpya ya Kichina kwa laki tano tumalize kazi. Wife kaokota risiti moja ya krome kwenye suruali, nyumbani hapakaliki, ananiambia hela hiyo ni ada ya mtoto. Mdogo wangu wa kijijini nae kaona picha niliyoweka status, ananipigia anasema pikipiki ikikamilika irudi Lushoto maana ni ya familia. Mama ndo usiseme, kila nikimpigia swali lake moja tu, "imelia?"

Niendelee, nifunge injini ya Kichina, au niiuze chuma chakavu? Nimechoka.

Mtoto wa Bwana Mifugo, Tanga

ANKO ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Kucheka nimecheka, samahani, hasa pale kwenye krome, ila nacheka kama mgonjwa mwenzio maana mimi niliwahi kupaka rangi Vespa ya watu ikang'aa kama ya bwana harusi halafu ndo nikagundua gia ya tatu haingii.

Tuanze na neno lako hilo, gharama zilizojificha. Nimezipitia moja moja. Nyingine kweli zilijificha, ntakuonyesha. Lakini hiyo tofauti ya 875,000 kati ya ulichotumia na ulichomwambia mama watoto, hiyo haikujificha mpwa, hiyo umeificha wewe. Ntairudia baadae, ngoja kwanza tuingie gereji.

Hesabu yako ya laki tatu na nusu ilikuwa ya pikipiki iliyosimama wiki mbili. Hii imelala miaka kumi na saba, tena bandani. Petroli iliyobaki kwenye tangi na kabureta inakauka inaacha gundi ya kahawia inayoziba vitundu vya jeti, vile vibomba vidogo vya kupitishia petroli. Tangi likishakuwa tupu linashika kutu kwa ndani. Mpira wowote ulioko kwenye pikipiki, sili za shokapu, sili za injini, unakauka unakuwa kama ganda la muhogo. Ringi zinagandia kwenye pistoni. Na mbuzi sasa, mkojo wa mbuzi unatoa amonia, ile harufu inayokuchoma pua ukiingia bandani, inakula shaba ya kwenye waya na inaharibu alumini na krome, ndo maana studi yako ilikatika na siajabu waya zako ukizichubua utakuta za kijani. Hakuna fundi aliyekudanganya hapo, mahali ilipolala tu ndo palikuwa pabaya.

Ulipokosea ni mpangilio. Umelivalisha suti kabla ya kulipeleka kwa daktari. Rangi na krome ni kazi ya mwisho kabisa, kila anayefufua pikipiki anaambiwa hivyo na kila mmoja anaanza na rangi, mimi mwenyewe shahidi. Sasa hivi hilo tangi lako jekundu kwa ndani lina kutu, bado haujalisafisha maana sijaona umeandika, na ukimwaga petroli humo kutu yote inashuka kwenye kabureta mpya unailaumu kabureta. Kalisafishe, ila taratibu: toa koki ya mafuta, ziba tundu lake vizuri, jaza siki nyeupe mpaka shingoni kabisa maana sehemu isiyofikiwa na siki inabaki na kutu yake, liache siku mbili, mwaga, suuza na maji uliyochanganya baking soda kuua ile asidi, likaushe haraka kwa upepo au jua, halafu zungushia oili kidogo ndani lisirudie kutu. Hiyo rangi yako ya laki mbili uilinde, funika tangi na nailoni maana siki ikichuruzika itakuachia alama. Na ujiandae, mara nyingine kutu ndo ilikuwa imeziba vitobo, ukiitoa tangi linaanza kuvuja, hapo ni kuchomelea na rangi upya. Nakwambia mapema usije ukaniandikia tena kwa hasira. Ukimaliza weka na filta ndogo ya mafuta kwenye mpira, ni hela ya soda tu.

Kabureta ya zamani iko wapi? Kama umeiacha kwa fundi wa kwanza kaichukue leo, sio kesho. Kabureta ya miaka ile kufa sio rahisi, mara nyingi imeziba tu, inafunguliwa jeti zote inaoshwa inapulizwa inarudi. Hizi za kopi jeti zake zinaweza zisiendane na injini yako, inawaka ila inakohoa, unaanza kuhangaika na plagi kumbe shida ni kabureta. Na siku zote dai vyuma vyako vya zamani hata vikiwa vibovu, kwanza ndo vya kwendea nacho dukani, muuzaji ukimwambia "nataka sili ya CG" atakupa anachoona, ukimuwekea ya zamani mezani anapima.

Betri sasa, hapa ndo kuna gharama iliyojificha kweli kweli na inawapiga wengi. CG za mwanzo ni volti 6 na zinatumia platinamu, ile swichi ndogo ya kukata na kuunganisha umeme wa plagi, zile za baadae ndo zikawa volti 12 na CDI, kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi hiyo hiyo. Ya 1982 hiyo nakuhakikishia kwa kuungua kwa glopu tu kuwa ni volti 6, wewe umeifungia betri ya 12, glopu za 6 zikala moto mara mbili na hakuna aliyesoma maandishi kwenye kitako cha glopu, yameandikwa pale 6V. Tena betri yenyewe isingechajiwa kamwe na pikipiki hiyo. Una njia mbili, tafuta betri ya volti 6 na glopu zake uendelee kama alivyoendelea mzee, taa ni hafifu ukweli usemwe, au ugeuze mfumo mzima uwe 12, na mzima maana yake mzima, koili za chaji zisukwe upya, rektifaya, glopu zote, honi, kifaa cha indiketa. Watu wanageuza nusu halafu wanashangaa. Mimi kwako ningebaki na 6, safari zako zenyewe za mchana. Betri ya 12 muuzie bodaboda. Ukiwa hapo hapo badilisha platinamu na kondensa, ni vitu vya bei ndogo na moto wa plagi unategemea hivyo.

Injini. Hapa nakukataza kwa herufi kubwa, USIFUNGE hiyo pistoni. Umenunua pistoni kabla silinda haijapimwa, ndugu yangu hiyo ni kama kununua viatu vya mtu ambae haujawahi kumuona. Pistoni ya kawaida ya CG125 ni milimita 56.5, lakini silinda ya mzee imetembea miaka na miaka, na haujui kama ilishachongwa huko nyuma. Peleka silinda kwa fundi wa lezi, ile mashine ya kuchonga vyuma, mwenye vipimo, akwambie imelika kiasi gani, kisha unanunua pistoni ya saizi inayofuata, iliyozidi milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00, halafu silinda inachongwa kufuata hiyo pistoni uliyonayo mkononi. Kama silinda ni nzima kabisa basi pistoni yako imepona. Kama sio, rudi nayo dukani na risiti, ndo maana risiti zinatunzwa na sio kufichwa kwenye suruali.

Akiwa ameshafungua, mwambie fundi ashike koni rodi, ule mkono unaoshika pistoni kwa chini, aivute juu na chini, ikicheza juu chini hata kidogo injini inapasuliwa yote, gharama inapanda, bora ujue kabla ya kufunga kuliko baada ya wiki. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida usitishike. Aangalie na valvu kama zinabana, mwage petroli kwenye tundu za hedi uone kama inapenya.

Na bisibisi! Skrubu za Kijapani za miaka ile zinafanana na nyota ya kawaida lakini kichwa chake kimechongwa tofauti kidogo, bisibisi nyota ya kawaida inapanda juu inakula kichwa, halafu ndo mnaanza kutoboa na drili. Lowesha kila bolti na oili ya kupenyeza usiku mzima, ikigoma rudi nyuma mbele nyuma mbele, ipashe joto, usishindane nayo. Ile studi ya 30,000 ilikuwa ni haraka ya nusu saa.

Sasa hiyo injini ya Kichina ya laki tano. Simlaumu fundi, yeye anataka banda lake liwe wazi, ana bodaboda kumi nje zinamsubiri na zinalipa leo leo, ya kwako inakaa kona inakula vumbi na ikizidi kukaa vifaa vyake vinaanza kuhamia kwenye pikipiki za wengine. Ila we sikiliza hii. Honda waliitengeneza CG katikati ya miaka ya 70 kwa ajili ya nchi kama zetu, walishaona watu wanabebesha mizigo na kusahau sevisi, ndo maana haina cheni ya taimingi inatumia pushirodi, vijiti vya kusukuma valvu, na cheni ya nyuma ikafunikiwa isile vumbi. Wachina wakaiga, na injini nyingi za bodaboda unazoziona hapo Ngamiani ni wajukuu wa hiyo hiyo ya mzee wako. Kwaiyo bahati yako ni kubwa kuliko ya mtu mwenye pikipiki ya kizamani isiyo na ndugu, ringi, platinamu, waya za klachi, breki shuu, vingi utapata hapo hapo mjini au Kariakoo. Sio kila kitu kinaingia, pima pini, pima urefu, beba cha zamani, lakini vipo.

Injini ya Kichina ningeikubali kwa sababu moja tu, kama injini yenyewe bodi limepasuka. Vinginevyo laki tano hiyo bado haijamaliza kazi, kuna mabano ya kuchomelea, kuna ekzosi isiyokaa sawa, kuna volti 12 ambazo tumeshazisema, na namba ya injini iko kwenye kadi ya usajili, ukibadilisha injini namba haziendani ukisimamishwa barabarani una maelezo marefu, inabidi ukarekebishe TRA na ukaguzi wa polisi juu. Halafu mama yako anasubiri mlio. Mlio hauko kwenye tangi jekundu.

Kadi. Hili lilitakiwa liwe la kwanza na wewe haujaligusa kabisa. Kadi ni ya jina la marehemu. Nenda TRA na kadi au hata namba ya chasisi tu, uliza kama pikipiki ipo kwenye mfumo na inadaiwa nini. Ada ya kila mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, lakini ya nyuma ya hapo usijijibu mwenyewe, waulize. Na kuhamisha jina toka kwa marehemu kunahitaji msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Bila hivyo unatengeneza mali ambayo kisheria sio yako, na mdogo wako japo anakukera ana hoja. Ndo dunia ilivyo, pikipiki ikiwa na kutu ni ya marehemu, ikianza kung'aa ni ya ukoo. Usisubiri iwake ndo mkae kikao, kaeni sasa ingali mbovu, mama awepo, muandike nani kaweka shilingi ngapi na itakuwa ya nani, kila mmoja asaini. Na status punguza picha.

Mama watoto. Chukua daftari la mtoto, andika kila kitu kama ulivyoniandikia mimi, na ile laki na nusu ya usiyoyajua andika "sijui", mkabidhi. Usianze na mzee, usianze na historia, anza na namba. Atakasirika siku mbili tatu kwa jumla, lakini sasa hivi anakasirika kila siku kwa kipande kipande na kila risiti inayookotwa ni kesi mpya. Halafu ada ilipwe kwanza, pikipiki imesubiri miaka kumi na saba muhula mmoja hauitishi.

Baada ya ada, mimi ningejiwekea laki nne na nusu, mwisho. Kuchonga silinda na pistoni ikihitajika, gasketi na sili, betri ya 6 na umeme, breki shuu na waya, ufundi, makaratasi na bima. Ongea na fundi bei ya kazi, sio ya siku, mlipe nusu nusu, piga picha na simu kabla hajafungua chochote, na bolti ziwekwe kwenye vimfuko vimeandikwa. Kama kipimo cha silinda na koni rodi kitasema injini inahitaji zaidi ya hapo, funga kila kitu kwenye boksi, isukume ndani, subiri bonasi. Chuma chakavu usiuze, wanapima kilo wale, hawapimi mzee wako.

Tairi ulizonunua hebu zigeuze uangalie ubavuni kuna namba nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka iliotengenezwa, ikiwa 1419 ni wiki ya 14 ya 2019. Kama zimezeeka dukani ni bora ujue kabla.

Siku ikiwaka iache ipate joto taratibu, oili mwaga baada ya kilomita mia moja uweke mpya, na wiki za mwanzo usiikamue. Mama mpigie hapo hapo gereji uweke simu karibu na ekzosi. Lushoto usikimbilie kwenda nayo wiki hiyo hiyo, najua utatamani, zile kona za Mombo mpaka Soni kushuka kwake sio kwa kujaribia breki za 1982.

Anko